Simu Inazima Ikiwa na Asilimia 25: Nibadilishe Betri au Ninunue Mpya?

"Nina simu ya Android niliyoinunua mpya miaka minne iliyopita. Naitumia kuuza nguo za watoto kwa WhatsApp, kupokea M-Pesa na kuwapigia wateja. Tangu mwaka jana haifiki saa nane mchana. Inaonyesha asilimia 25, halafu inazima ghafla. Nikiichomeka tu inawaka na kusema 18. Nafasi nayo imejaa kila wakati. Fundi mmoja pale mtaa wa Luthuli, Nairobi, ameniambia betri ni Sh1,800, mwingine akasema bodi imechoka, ninunue nyingine. Dukani nimetajiwa simu mpya ya Sh17,500 taslimu, au kwa malipo ya polepole, Sh3,000 mwanzo na Sh65 kila siku kwa mwaka mzima. Kijana wangu wa chuo naye ana laptopu ya mtumba ambayo unaiwasha, unapika chai, unarudi bado inazunguka. Na kwenye droo kuna simu tatu zilizokufa, moja imevimba mgongo. Nirekebishe au ninunue? Naogopa kutupa pesa mara mbili. Na hizo za droo nipeleke wapi? Majirani huwapa tu vijana wa taka."

Dada, dalili uliyoieleza haina utata mwingi. Simu inayozima ikisema asilimia 25, kisha ikipata chaja inawaka papo hapo, inalalamikia betri. Fundi wa kwanza yuko karibu na ukweli kuliko wa pili. Bodi, yaani sakiti kuu ya simu, huharibika kwa kuingia maji, kwa kuanguka hadi lehemu ikapasuka, au kwa kupigwa na umeme mbovu, na ikiharibika husumbua hata simu ikiwa imechomekwa. Hilo hujalitaja popote katika barua yako.

Ngoja nikueleze kinachotendeka humo ndani, kwa sababu ukishakielewa hakuna mwenye duka atakayekuyumbisha. Betri ya lithiamu ina pande mbili. Mmoja umepakwa grafiti, wa pili umepakwa madini yenye lithiamu. Ukichaji, ioni za lithiamu, yaani chembe zake zenye chaji, husukumwa zikajibanza ndani ya grafiti. Ukitumia simu, zinarudi zilikotoka, na safari hiyo ya kurudi ndiyo inayokupa umeme. Shida ni kwamba kila safari inaacha lithiamu kidogo imenaswa katika utando mwembamba unaojijenga juu ya grafiti. Utando huo ni wa lazima, bila huo betri ingejila yenyewe, lakini haukomi kukua. Miaka inavyosonga, mambo mawili hutokea kwa pamoja. Lithiamu inayoweza kusafiri inapungua, kwa hiyo betri inabeba chaji kidogo kuliko zamani. Na njia inazidi kubana, yaani ukinzani wa ndani wa betri unapanda. Hilo la kwanza kila mtu analijua. La pili ndilo linalokuzimia simu.

Chukua mfano wa tangi la maji juu ya ploti ambalo bomba lake limejaa kutu. Maji yamo, na mpangaji mmoja akifungua mfereji yanatiririka vizuri. Wote wakifungua saa kumi na mbili asubuhi, kila mfereji unadondosha matone, na tangi halijafika hata nusu. Betri yako iko hivyo. Ukiwa unasoma ujumbe tu, simu inavuta umeme kidogo na betri inastahimili. Ukifungua kamera kumpigia mteja picha ya gauni, au ukipiga simu mahali mtandao ni hafifu na antena inalazimika kupaza sauti, simu inadai umeme mwingi kwa mara moja. Volti zinaporomoka, zinashuka chini ya kiwango ambacho simu imewekewa kujizima ili kujilinda, na kioo kinakuwa cheusi. Chaji ilikuwepo, ila haikuweza kutoka kwa kasi iliyotakiwa. Ndiyo maana ukichomeka chaja inaamka ikiwa na 18 na si sufuri.

Betri nyingi za simu hutengenezwa kustahimili mizunguko kamili kati ya 500 na 1,000 kabla uwezo wake haujashuka hadi asilimia 80 hivi. Wewe umechaji karibu kila siku kwa miaka minne, kwa hiyo huenda umeshapita 1,000. Hujaiharibu kwa uzembe. Imemaliza kazi yake.

Kabla ya kutoa hata shilingi, fanya kipimo kimoja nyumbani. Chomeka simu kwa chaja nzuri, kisha mpigie mtu kwa video kwa dakika ishirini. Ikistahimili bila kuzima, mshukiwa ni betri. Ikizima au kujiwasha upya ikiwa imechomekwa, au ikiwa moto hata ukiwa umeilaza tu mezani bila kazi, basi kuna zaidi ya betri na inahitaji fundi mwenye mita ya kupimia bodi. Si kipimo cha hakika, maana betri iliyochoka kupindukia inaweza kuangusha simu hata kwenye chaja, lakini kitakupa pa kuanzia. Angalia pia tundu la chaja. Vumbi na nyuzi za mfuko hujisokota humo hadi waya haukai sawasawa. Zima simu, chokoa taratibu kwa kijiti cha meno cha mbao, usitumie pini. Wako wengi wanaouziwa betri kumbe ni uchafu.

Sasa pesa. Sh65 mara siku 365 ni Sh23,725. Ongeza zile 3,000 za mwanzo, unafika Sh26,725 kwa simu ambayo taslimu ni 17,500. Tofauti ni Sh9,225. Kwa tofauti hiyo peke yake ungenunua betri tano za Sh1,800 na ukabaki na chenji. Sisemi mikopo ya simu ni wizi. Mtu asiye na simu kabisa, na riziki yake inategemea simu leo, ananufaika nayo, mradi ajue kwamba akichelewesha malipo simu hufungwa kutoka mbali na biashara inasimama siku hiyo hiyo. Wewe hauko katika hali hiyo. Una simu inayofanya kazi yenye kiungo kimoja kibovu.

Ningekuwa wewe ningefanya hivi: hizo 3,000 za mwanzo ulizokuwa tayari kuzitoa, toa 1,800 ubadilishe betri. Sh1,200 zilizobaki ziweke kwenye akiba, kisha uendelee kujilipa zile 65 kila siku kana kwamba unadaiwa. Kwa muda wa miezi minane na siku chache utakuwa na Sh17,500, na utaamua ukiwa umesimama kwa miguu yako kama bado unaihitaji simu mpya. Pengine utaihitaji, na sababu yake nitaitaja hapo chini.

Kuhusu kubadilisha betri pale mjini, yapo mambo ya kuangalia. Luthuli ina mafundi hodari kweli kweli, wengine wanatengeneza bodi kwa darubini kwenye chumba kisichozidi upana wa meza, na kwenye ngazi hiyo hiyo wako wakora. Simu za siku hizi zimebandikwa gundi. Fundi anayejua kazi huzipasha joto kwanza kisha akafungua kwa kadi nyembamba ya plastiki. Ukiona anachokonoa betri kwa bisibisi, mzuie, kwa sababu betri ya lithiamu ikitobolewa inaweza kuwaka moto pale pale. Isome betri mpya kabla haijaingia. Ikiwa ya awali ilikuwa na mAh (kipimo cha uwezo wa betri) 5,000 na hii yenye umbo lile lile imeandikwa 7,000, hiyo ni hadithi. Simama hapo mpaka kazi iishe, usiache simu ukaenda kutembea. Toa laini na kadi ya memori, hamisha picha na anwani zako kwanza, na elewa kwamba kubadilisha betri hakuhitaji PIN ya M-Pesa wala nywila ya barua pepe, hata akikuambia ni ya "kupima". Dai risiti iliyoandikwa dhamana hata kama ni ya miezi mitatu. Na jua kwamba kama simu yako ilikuwa inakinga maji, baada ya kufunguliwa usiitegemee tena kwa hilo.

Ukishapata betri mpya, kitu cha kwanza cha kuilinda nacho ni joto. Joto linaharakisha ule utando niliokueleza kuliko kitu kingine chochote unachoweza kukidhibiti. Simu kwenye dashibodi ya matatu juani, simu chini ya mto ikichaji, simu inayochaji huku ikigawa bando kwa laptopu ya kijana, zote zinakula betri kimya kimya. La pili ni kukaa muda mrefu ikiwa imejaa kabisa. Haya mambo ya kwamba betri mpya ichajiwe kwa muda wa saa nane kabla ya kutumiwa, au iachwe iishe kabisa kila mara, yalitoka enzi za betri za nikeli na hayahusu simu yako. Kuimaliza hadi sufuri kila siku kwa kweli kunaiumiza. Kuichaji usiku hakuilipui, kwa kuwa simu yenyewe hukata mkondo ikijaa, lakini inalala saa nyingi kwenye 100 ikiwa na joto. Tafuta kwenye mipangilio ya betri kama kuna kikomo cha 80 au 85, ukiwashe. Usiwe mtumwa wa asilimia, lakini. Siku ya mnada au ya kupeleka mizigo, jaza hadi 100 uende zako. Betri ipo kukutumikia.

Chaja ya Sh150 ya barabarani isikukaribie. Ndani yake, kitu kinachotenganisha volti 240 za ukutani na zile 5 zinazofika mkononi mwako ni kidogo mno. Dalili ya chaja mbovu ambayo watu huilaumu simu ni kioo kujibofya chenyewe au kukataa kuguswa wakati wa kuchaji. Ukiichomoa kikatulia, tatizo ni chaja. Hapo ndipo mtu hubadilishiwa skrini nzima kwa maelfu.

Nafasi kujaa ni jambo jepesi. Memori ya simu haiwezi kuandika juu ya data ya zamani moja kwa moja. Inafuta kwa mafungu makubwa, na ili ifanye hivyo inahitaji mahali pa kuhamishia vitu. Ikijaa pomoni inahangaika, na simu nzima inakuwa nzito. Acha angalau sehemu moja ya kumi wazi. Kwako wewe mzigo uko WhatsApp: ingia mipangilio ya hifadhi, utaona makundi yaliyojaza zaidi, futa video za mahubiri na za kuchekesha za mwaka juzi, kisha uzime upakuaji wa moja kwa moja. Programu zinazodai "kusafisha" simu zitoe. Nyingi ni matangazo tu, na nazo pia zinakula betri.

Ile sababu niliyosema nitaitaja ni usalama. Fungua mipangilio, nenda kwenye maelezo ya simu, tafuta tarehe ya sasisho la usalama. Simu nyingi za bei yako hupata masasisho kwa miaka miwili, mitatu au minne, halafu mtengenezaji anaacha. Kama tarehe ni ya zaidi ya mwaka uliopita, matundu yanayogunduliwa kwenye Android hayazibwi tena kwako, na simu hiyo ndiyo inayobeba pesa za biashara. Haina maana itaibiwa kesho. Ina maana usiweke programu kutoka nje ya Play Store, usibofye viungo vya "umeshinda", na betri mpya uihesabu kama nafasi ya kujipanga kwa mwaka mmoja au miwili. Ukifika wakati wa kununua, uliza kwanza itapata masasisho hadi mwaka gani, ndipo uulize kuhusu kamera. Ukinunua ya mtumba, piga *#06# uone kama namba inayotokea inalingana na ya kwenye boksi, na uwe na uhakika haina deni. Simu iliyouzwa kabla mkopo wake haujaisha inaweza kufungwa ikiwa tayari mikononi mwako.

Laptopu ya kijana nina matumaini nayo zaidi ya unavyodhani. Laptopu hizi za kutoka Uingereza na kwingineko zilikuwa za maofisi, zimeundwa imara, na nyingi zinafunguka kwa skrubu. Mwambie aiwashe, afungue Task Manager, programu ya Windows inayoonyesha mashine inavyofanya kazi, na atazame mstari wa diski. Ikiwa umekaa kwenye asilimia 100 huku prosesa ikipumzika, basi yaelekea diski ni ile ya zamani inayozunguka. Diski hiyo ina mkono unaotembea juu ya sahani kutafuta kila faili, na kila utafutaji unachukua milisekunde kumi au zaidi. Windows ikiwaka inatafuta maelfu ya faili ndogo. SSD, yaani diski ya kisasa ya chipu, haina kitu kinachotembea, utafutaji ni sehemu ndogo ya milisekunde moja. Kuweka SSD ya GB 240 au 256 ndiyo pesa yenye faida kubwa kuliko zote kwenye mashine ya namna hii. RAM, yaani memori ya kufanyia kazi, ikiwa GB 4, ipandishe hadi 8 baadaye. Usianze na RAM, wauzaji hupenda kuanzia huko.

Kuna jambo moja ambalo halimalizwi na SSD. Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai kwa utaratibu wake chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na prosesa za Intel za kizazi cha 8 kwenda mbele, au za AMD za kipindi hicho. Asome kibandiko au maelezo ya mfumo: i5-6300U ni kizazi cha 6, i5-8350U ni cha 8. Kama ni ya 8, ahamie Windows 11 na mambo yameisha. Kama ni ya 6 au ya 7, mashine bado si taka. Linux Mint, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, ni bure, inakaa vizuri kwenye laptopu ya umri huo, na kwa kuandika, kusoma PDF na kufanya utafiti mtandaoni haitamnyima kitu. Ila kama kozi yake inadai programu inayokubali Windows peke yake, na wanafunzi wa uhandisi na usanifu hukutana na hilo sana, basi akaulize idara yake kwanza kabla hujanunua SSD. Hapo huenda ni afadhali kuiuza na kuongeza pesa kupata ya kizazi cha 8. Betri ya laptopu nayo inapimika bila fundi: afungue kidirisha cha amri aandike powercfg /batteryreport, atapata ripoti yenye uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa leo.

Droo nimeiacha mwisho, lakini ndimo mlimo na hatari. Majirani wako wanadhani vijana wa taka watajua la kufanya. Mfuko huo unaishia kwenye jaa la Dandora. Betri ikipondwa ndani ya lori inaweza kuwasha moto taka zote, na nyaya huchomwa na vijana wadogo ili zitoe shaba, moshi wenye sumu ukiingia vifuani mwao. Dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za elektroniki mwaka 2022, na chini ya robo yake ndiyo iliyothibitishwa kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo. Kenya ina sheria ya usimamizi wa taka ya mwaka 2022 inayowabebesha wazalishaji na waagizaji jukumu la bidhaa zao zinapofika mwisho, lakini wewe huna haja ya kungoja itekelezwe hadi mlangoni kwako.

Simu mbili ambazo hazijavimba, mpelekee fundi yule yule siku ya kubadilisha betri. Skrini nzima, kamera, spika, hata kibao cha tundu la chaja vina soko kama vipuri, na unaweza kupunguziwa bei. Ikiwaka, ondoa kwanza akaunti ya Google, kisha ifute yote kutoka kwenye mipangilio. Ukifuta bila kuondoa akaunti, atakayeichukua anaweza kukutana na kufuli. Isiyowaka, toa laini na kadi ya memori. Zikikataliwa, zipeleke pamoja na betri yako ya zamani kwenye Kituo cha WEEE, cha taka za elektroniki, upande wa Utawala, Nairobi, wanaovunja vifaa hivi kwa utaratibu. Wapigie kabla ya kwenda, maana huwa na sehemu za kukusanyia na huenda ipo iliyo karibu nawe zaidi.

Ile iliyovimba ni suala la leo, si la mwisho wa mwezi. Uvimbe huo ni gesi iliyozalishwa baada ya kemikali za ndani kuharibika. Usiichaji kujaribu kama itawaka, usiibonyeze irudi chini, usiitoboe kutoa hewa, na usiiache pamoja na zile nyingine. Itoe kwenye droo, iweke peke yake ndani ya sufuria kuukuu au mkebe wa chuma wenye mchanga mkavu, usiufunge kwa kubana, na uuweke mbali na jiko, jua na watoto. Ukiisikia ikitoa harufu tamu kama ya rangi ya kucha, au ikianza kupata joto yenyewe, itoe nje uwanjani na usiishike tena. Vinginevyo ibebe hivyo hivyo mkebeni hadi kwa fundi au kituoni, na umwambie anayeipokea, kabla hajaufungua, kwamba humo ndani mna betri iliyovimba.